Kipimo cha mimba na glasi tatu za maji

Siku zake zimechelewa kwa siku nne. Akitoka kazini mwanamke anapitia duka la dawa, ananunua kipimo cha mimba, anafika nyumbani, na haja ndogo haiji. Anakunywa maji, glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mkojo unatoka mweupe kama maji yenyewe. Kijiti kinaonyesha mstari mmoja. Anashusha pumzi na kuendelea na vidonge ambavyo mjamzito hapaswi kuvigusa.

Kipimo hakikuwa kibovu, mkojo ndio uliozimuliwa. Kijiti hutafuta homoni ya hCG, ambayo huanza kutoka baada ya yai lililorutubishwa kujishikiza. Siku za mwanzo homoni hiyo ni kidogo, na maji mengi huifanya isionekane.

Ndiyo maana wataalamu husisitiza mkojo wa kwanza wa asubuhi, uliokaa kibofuni usiku kucha. Asiyeweza kusubiri asubuhi abane haja kwa saa tatu au nne bila kunywa maji mengi.

Chombo nacho ni muhimu. Kiwe safi na kikavu, kisichobaki na sabuni wala dawa ya madoa. Pakiti isiyopitwa na muda ifunguliwe wakati wa kupima tu. Kijiti kisizame kupita alama iliyochorwa, na majibu yasomwe kwa dakika zilizoandikwa kwenye maelezo. Mstari hafifu unaoonekana baada ya saa nzima si jibu, kwani mkojo ukikauka huweza kuacha kivuli. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho kimeharibika na hakihesabiki.

Mstari mmoja siku za mwanzo maana yake ni "bado haijaonekana". Mwanamke arudie baada ya siku chache, na kabla ya kumeza dawa yoyote amweleze mfamasia kwamba siku zake zimechelewa. Akipata maumivu makali chini ya tumbo, kizunguzungu au damu isiyo ya kawaida, aende hospitali mara moja, hata kama kijiti kimesema hapana. Mimba iliyotunga nje ya kizazi huweza kutoa homoni kidogo na kuhatarisha maisha.

Mume naye asimharakishe mkewe apime usiku ule ule. Asubuhi si mbali.