Acheni kututumia ramani zisizofunguka

Jamani, leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Wiki iliyopita rafiki yangu mwalimu alinipigia simu saa nne usiku. Anafundisha Biolojia kidato cha nne huko Machakos. Mwenzake aliyehamishiwa shule nyingine alimwachia flashi yenye ramani za mawazo 43, yaani silabasi karibu yote ikiwa imechorwa matawi kwa matawi. Kazi safi kabisa. Ila kila akibofya, tarakilishi inamuuliza anataka kufungua faili kwa programu gani. Programu iliyozichora ni ya kulipia, na leseni iliondoka na mwenyewe. Akampigia mwenzake. Jibu alilopata ni hili: "Mbona kwangu zinafunguka?"

Sentensi hiyo imenichosha. Kila mradi ninaofanya kuna mtu wa kuisema. Anapanga kazi ya miezi 6 kwenye ramani yenye rangi na mishale, anaitupa kwenye barua pepe, halafu anadhani ametuma mawazo. Hujatuma mawazo, ndugu yangu. Umetuma kufuli, ufunguo umebaki mfukoni mwako.

Tena msiwalaumu watengenezaji programu peke yao. Faili nyingi za aina hii hazina siri yoyote ndani. Faili ya FreeMind, ile inayoishia .mm, ni XML tupu. Ifungue kwa Notepad utaona maneno yako yamekaa ndani ya TEXT. Ya MindManager, .mmap, ni ZIP iliyobadilishwa jina, na ndani yake kuna Document.xml. Ya XMind nayo ni ZIP. Hapo tahadhari kidogo: matoleo ya zamani, kama XMind 8, huweka maneno kwenye content.xml, na matoleo yaliyokuja tangu 2018 huyaweka kwenye content.json. Mwisho wa jina ni ule ule, .xmind, lakini lugha ya ndani ni mbili. Ndiyo maana mtu mwenye toleo la zamani anaweza kufungua ramani yako mpya akakuta onyo tu badala ya matawi.

Basi nikafanya nini na zile 43? Nilinakili faili (nakala, si faili yenyewe, tafadhali), nikabadilisha mwisho wa jina uwe .zip, nikaifungua. XML hiyo hapo. Nikaandika skripti ya mistari kama 30 inayotoa kila kichwa na kukisogeza kulia kwa tabo kulingana na kina cha tawi lake. Maandishi hayo ukiyanakili na kuyabandika kwenye Freeplane, yanageuka matawi tena. Freeplane ni programu huria, haina malipo, inatumika kwenye Windows, Mac na Linux. Kinyume chake pia kinawezekana: chagua tawi, nakili, bandika kwenye ujumbe wa WhatsApp, na mtu mwenye simu ya kawaida atasoma kila neno.

Sekunde 10, jamani. Hizo ndizo mnazotunyima.

Najua kuna atakayesema, si utume PDF tu? PDF ni nzuri kwa kusoma na kuchapisha. Lakini mwalimu hataki kuangalia ramani kama picha ya harusi. Anataka kuongeza tawi la figo na kufuta lile alilokwisha fundisha. Mwingine atasema kuna tovuti za kubadilisha faili bure. Zipo, na ramani ya mitochondria ipakie huko ukitaka. Ramani yenye mishahara ya wafanyakazi au majina ya wateja ni jambo jingine. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na wewe unawapa watu usiowajua faili ya ofisi kwa sababu umeona uvivu wa kubofya mara mbili.

Nisiwadanganye, ukibadilisha kuna vitu vinapotea. Rangi na vikaragosi vilienda, sikuvililia. Mishale inayounganisha tawi na tawi ndiyo iliyoniuma, maana maandishi yaliyopangwa kwa tabo hayana mahali pa kuiweka. Kwenye somo la mzunguko wa damu mwalimu ilibidi aichore upya kwa mkono. Kwa hiyo tuma vyote viwili: faili yako asilia na maandishi yake kando.

Faili 41 zilipona. Mbili zilikuwa zimeharibika kwenye flashi, zikagoma hata kufunguka kama ZIP. Nikampigia mwenye ramani, nikamweleza taratibu kwa dakika 10 jinsi ya kunakili matawi na kubandika maneno. Akasema ameelewa kabisa, nisijali.

Asubuhi nikakuta ujumbe wake. Amepiga picha kioo cha kipakatalishi chake kwa simu, na mwanga wa dirisha umefunika nusu ya matawi.