Tumwendee Mpiga Kura, Si Kigogo Wake

Wako wenzetu wasemao kwamba mgombea wa mageuzi aombaye kura katika ngome ya chama tawala ni msaliti. Hatukubaliani nao. Mwaka 1992 Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 tu ya kura, kwa kuwa upinzani uligawanyika, kila mmoja akihubiri nyumbani kwake. Mwaka 2002 NARC ilipata asilimia 62, kwa sababu wengi waliokuwa wakiichagua KANU walivuka.

Lakini tujihadhari. Pamoja nao walivuka vigogo, wakapokelewa bila kuulizwa toba. Na katiba mpya iliyoahidiwa katika siku 100 haikupatikana hadi 2010. Zakayo alipokewa mezani, ndugu zangu, lakini alirudisha mara nne alichodhulumu.

Leo Katiba yamtaka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote. Basi tubishe hodi kwa jirani aliyetunyima kura. Tusikilize shida zake, tumweleze haki zake, wala tusibadili msimamo wetu mlangoni pake. Kigogo na asubiri nje mpaka atubu.