Kabla Hujasema Spika Ni Mbovu

Mhakiki wa mashairi akiletewa utungo wenye kasoro hasemi "mbovu" kisha akanyamaza. Huonyesha ubeti, akaonyesha mshororo, akaonyesha na kipande: ukwapi umepungukiwa na mizani moja, au kina cha kati kimehama. Asiyeweza kufanya hivyo hatumwiti mhakiki. Lakini mtu huyo huyo, spika zilizounganishwa na kompyuta yake ya nyumbani zikigoma, hutosheka na neno moja: "mbovu." Nionavyo mimi, neno hilo ndilo hitilafu ya kwanza, nalo hutugharimu fedha na kuidhulumu lugha yetu.

Tuanze na seti yenyewe. Mfumo wa 5.1 una spika mbili za mbele, moja ya kati, mbili za nyuma, na kasha moja la besi. Kwenye kompyuta nyingi za mezani zenye matundu ya rangi, sauti ya zote sita husafiri kwa plagi tatu tu. Ya kijani hubeba za mbele, nyeusi hubeba za nyuma, na ya rangi ya chungwa hubeba ile ya kati pamoja na besi.

Hapo tayari lugha imeshatutega. Mitaani, "sabufa" ni kasha la besi, na pia ni seti nzima. Kitu kizima kimepewa jina la sehemu yake. Washairi tunaijua mbinu hiyo na tunaipenda, ila fundi akiambiwa "sabufa haitoi sauti" hajui kama kimenyamaza kimoja au vyote sita. "Kipaza sauti" nacho hutumiwa kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji na kwa kile kinachoitoa. Kwenye kompyuta hizo, tundu la waridi hupokea, la kijani hutoa, na aghalabu yamekaa jirani. Katika maelekezo ya kuunganisha vyombo, naona ni afadhali tuseme "maikrofoni" na "spika" bila haya, ijapokuwa ni maneno ya kukopa. Najua Spika mwingine yuko Bungeni, lakini hakuna atakayejaribu kumchomeka huyo kwenye tundu la kijani.

Hata hivyo, utajiri wetu mkubwa umo katika vitenzi. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na debe shinda haliachi kutika. Madebe mawili, vitenzi viwili: mwenye masikio alijua kilichomo bila kufunua kifuniko. Huo ndio utambuzi wa hitilafu, na tulikuwa nao kabla ya umeme kufika kwetu.

Tuupeleke kwenye spika. Inayovuma mfululizo, kwa mlio mzito usiopanda wala kushuka hata muziki ukisimama, mara nyingi imeingiliwa na umeme wa nyumba, ambao Tanzania na Kenya huenda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Kama kompyuta ni ya mpakato, chomoa chaja yake. Mvumo ukikoma, njia uliyopitia umeijua. Inayokwaruza unapogusa waya huenda plagi yake inapwaya. Ikikwaruza unapozungusha kitufe cha sauti, shuku vumbi ndani ya kitufe. Inayokoroma ukipandisha sauti na kutulia ukiishusha, yawezekana karatasi yake imechanika. Ngoma ikivuma sana hupasuka.

Kunyamaza nako kuna aina zake. Zikinyamaza za nyuma peke yake, uliza kwanza kama wimbo wenyewe una sauti za nyuma. Nyimbo nyingi zimerekodiwa kwa njia mbili tu, kushoto na kulia, na ukimya wa namna hiyo si ugonjwa. Kisha fungua mipangilio ya sauti, kwa maana kompyuta iliyoambiwa kwamba ina spika mbili inaweza isizipelekee nyingine chochote. Windows ina jaribio la kuliza kila spika kwa zamu; lifuate kama unavyohesabu mizani, moja baada ya nyingine. Zikinyamaza ya kati na besi kwa pamoja, hao ni abiria wa plagi moja: tazama ile ya rangi ya chungwa. Ikinyamaza moja tu, zima seti, hamishia waya wake kwenye tundu la spika inayolia, kisha uwashe tena. Ikilia, yenyewe ni nzima na kasoro iko huko inakotokea sauti. Isipolia, kasoro ni yake au ya waya wake.

Katika filamu zilizotengenezwa kwa mfumo huu, maneno ya wahusika kwa kawaida hupelekwa kwenye spika ya kati. Ikizimika hiyo, muziki utarindima na milango itabamizwa, lakini mazungumzo yatasikika kama ya watu walio chumba cha pili. Wengi huongeza sauti tu, wakazidishiwa kelele badala ya maneno. Sisi tunaoishi kwa neno tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza limepotelea wapi.

Wapo watakaonijibu kwamba fundi anahitaji bisibisi, msamiati autakie nini. Bisibisi naikubali. Lakini fundi aliyeambiwa "mbovu" hana pa kuanzia ila kufungua kila kitu, na mteja asiyeweza kueleza tatizo hawezi pia kupima bei anayotajiwa. Wengine husema Kiswahili hakijaiva kwa mambo ya ufundi, ndiyo maana vijana hukimbilia Kiingereza wakitaka kueleza hitilafu. Wasikilizeni vijana hao: wengi wao, hata kwa Kiingereza, husema tu kwamba kitu hakifanyi kazi. Lugha wameibadilisha, uvivu wa kusikiliza wamehama nao.

Istilahi mpya zina taasisi zake, na BAKITA ina wajibu wake. Vitenzi vya sauti vinatuhusu sisi malenga na wapenzi wa lugha, kwa sababu vikitoweka katika tungo na mazungumzo yetu hakuna kamusi itakayovirudisha vinywani mwa watu. Tuvitumie sebuleni kama tunavyovitumia katika beti: kuvuma, kutika, kukwaruza, kukoroma, kurindima, kunong'ona. Mtoto akija kusema spika ni mbovu, tusikimbilie pochi. Tumuulize, "Inaliaje?" Akijibu kwamba inavuma, sehemu ya kazi ya fundi imekwisha kufanywa, tena kwa Kiswahili.