Motokaa Kuukuu na Posho Yake



Katika mkutano wetu ujao litaletwa shauri ambalo limekwisha kusemwa sana maofisini na chini ya miembe. Shauri lenyewe ni hili: mwanachama akopaye fedha ya kununua motokaa katika mfuko wetu wa akiba, je, apewe fedha yote mkononi siku moja, au sehemu moja katika tano izuiwe kwa jina lake, isitumike ila kwa matengenezo ya gari hilo katika mwaka wa kwanza? Sisi tuandikao ukurasa huu twaunga mkono kuzuia. Twajua ya kuwa wako waliokasirika. Wamesema kwamba deni ni la mwanachama, riba atalipa mwanachama, na chama si baba yake. Maneno hayo yana haki yake, wala hatuyadharau. Lakini twaomba nasi tusikilizwe.

Kwanza ijulikane ya kuwa hatuichukii motokaa. Wako wazee wetu ambao wakimwona mtumishi ndani ya gari lake humhesabu kuwa mtu wa majivuno. Sivyo. Mwuguzi atokaye zamu ya usiku, mwalimu ambaye shule yake iko mbali na lami, bwana shamba ambaye wakulima wake wa tumbaku wametawanyika huku Sikonge na huku Urambo, hao gari kwao ni chombo cha kazi kama jembe. Tena gari lenyewe limekuwa la kufikika. Huko Japani gari jipya hukaguliwa kwa sheria baada ya miaka 3, na baadaye kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama zake. Basi wengi huona heri kuliuza lingali na nguvu. Nao huendesha upande wa kushoto wa njia kama sisi, kwa hiyo usukani wao umekaa mahali tuutakapo. Ndiyo maana Toyota Vitz, IST, Passo na mengine ya namna hiyo yamejaa Isevya na Ng'ambo.

Shida haianzi siku ya kununua. Siku hiyo ni ya furaha, watoto hupanda na kushuka, na jirani huja kupiga honi. Shida huanza mwezi wa tatu au wa nne. Makato ya mkopo yamekwisha kuingia katika mshahara, na sheria yataka makato yote yasimwachie mtumishi chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Theluthi ile ndiyo unga, ndiyo ada ya shule, ndiyo kodi ya nyumba, na mara nyingine ndiyo nauli ya mama mzazi kuja hospitali. Kisha gari nalo lasimama mlangoni lataka chakula chake. Mwenye nyumba hawezi kuambiwa angoje, na mtoto hawezi kufukuzwa shule. Basi anayengojeshwa ni gari. Oili iliyopasa kubadilishwa mwezi huu yasogezwa hata mwezi ujao, na mwezi ujao una mambo yake.

Mji wetu ungepaswa kulijua jambo hili kuliko mji mwingine wo wote. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, mali yote ya pwani ilikuja hapa juu ya mabega ya watu. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakaingia Kazeh, yaani hapa petu, tarehe 7 Novemba: zaidi ya miezi minne. Mfanyabiashara wa msafara aghalabu alikopa mali yake kwa matajiri wa Kihindi walioko Unguja, merikani na kaniki, shanga na nyaya. Walakini mali ile haikuwa ya kununulia pembe peke yake. Sehemu ilikuwa posho ya wapagazi, sehemu ilikuwa hongo ya watemi wa Ugogo, na mtu aliyejua safari aliihesabu kabla ya kufunga mizigo. Asiyeihesabu alikwama njiani. Wapagazi walimkimbia, na deni la Unguja halikukimbia. Na akiisha kuvuka Ugogo mbele yake palikuwa na Mgunda Mkali, pori kavu ambalo visima vyake vilikuwa vya mashaka, ndipo alipofika Tura, na Rubuga, na Kigwa, hata Unyanyembe.

Njia hiyo mtumishi wa leo huipita ndani ya motokaa yake mpya-kuukuu, atokapo kuichukua Dar es Salaam. Apita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Itigi, kisha lami ya Chaya hata Nyahua, kipande cha kilomita 85 kilichozinduliwa mwaka 2022. Njia imekuwa nyororo, lakini jua la Mgunda Mkali ni lile lile. Tunamjua mwenzetu mmoja, jina lake twalificha kwa heshima yake, ambaye alimaliza mkopo wake wote katika bei ya gari na ushuru, akalitoa bandarini asubuhi, akaelekea Tabora siku ile ile. Oili ilikuwa ile iliyokuja nalo. Maji ya rejeta hakuyatazama, kwa kuwa muuzaji alimwambia gari limekaguliwa. Mbele ya Itigi mshale wa joto ukapanda, naye akafikiri ni kilima tu, akaendelea. Gari lilifika Tabora juu ya lori. Likakaa chini ya mwembe miezi saba, kuku wakitaga ndani yake, na makato yakitoka kila mwisho wa mwezi bila kukosa. Mwishowe aliliuza kwa bei ambayo ni aibu kuiandika. Deni lingali lake hata leo.

Na tueleze kilichompata, maana wengi hudhani ni bahati mbaya. Kichwa cha injini ya magari haya hufanywa kwa alumini. Ikizidi joto hupinda, na gasketi iliyo chini yake hupasuka. Ndipo maji huingia katika oili, na oili ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Maji ya kisima au ya bomba, ukiyatia peke yake siku zote, huacha magadi na kutu katika mishipa myembamba ya rejeta mpaka ikaziba. Maji yale ya rangi yauzwayo madukani, ambayo mafundi huyaita kuulanti, yana dawa ya kuzuia kutu, tena hayachemki upesi. Galoni yake ni ghali kidogo kuliko maji. Kichwa cha injini ni ghali sana kuliko galoni.

Watu wa misafara walikuwa na desturi ya kufanya safari ya siku ya kwanza kuwa fupi, wakalala karibu na walikotoka, ili kilichosahauliwa kirudiwe na mzigo uliofungwa vibaya ufungwe tena. Desturi hiyo yafaa irudishwe. Mwenye kutoa gari Dar es Salaam abadilishe oili na maji yote kwanza, kisha siku ya kwanza alale Morogoro, na asubuhi ainame atazame chini ya gari kama pana tone. Ikiwa pana tone, Kariakoo na maduka yake ya vipuri haiko mbali. Ukiliona tone hilo Tura, utalisimulia wajukuu.

Sasa tuseme juu ya kununua kwenyewe. Serikali ya Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 kuingizwa nchini, na Uganda tangu mwaka 2018 imekataza yaliyopita miaka 15. Kwetu mlango haukufungwa hivyo. Gari lililofika miaka 8 tangu kuundwa hutozwa ushuru wa ziada, lakini huingia. Hatulalamikii mlango kuwa wazi, maana ukifungwa ni sisi tutakaorudi kwenye baiskeli. Lakini mlango ukiwa wazi, mlinzi ni mnunuzi mwenyewe, na hapa wengi wetu tu walinzi walalao.

Wengi hununua kwa herufi. Dalali husema, «Hili ni namba D,» au siku hizi, «Hili ni namba E,» na mnunuzi huona kwamba amepata kijana. Herufi ile yaonyesha gari liliandikishwa lini hapa Tanzania. Haisemi liliundwa lini. Gari la namba E laweza kuwa na umri mmoja na gari la namba C, ila lilichelewa kuvuka bahari. Mwaka wa kuundwa tafuta katika kadi, kisha ulinganishe na kile kitambaa kidogo kilichoshonwa chini kabisa ya mkanda wa kiti, ambacho aghalabu huchapwa mwaka. Matairi nayo husema umri wao: tarakimu nne zilizo ubavuni, kama 2319, maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi laweza kuwa na meno mazuri, na mpira wake ukawa mgumu kama kwato. Juu ya kilomita zilizoandikwa mbele ya dereva hatusemi neno, kwa kuwa nazo hurudishwa nyuma na watu wasiomwogopa Mungu. Tazama pedali na usukani, jinsi vilivyolika.

Injini iliyooshwa ikang'aa kama sufuria za harusini isikufurahishe. Aliyeiosha ana sababu. Omba kuiwasha asubuhi ikiwa baridi, usikilize mwenyewe. Uliza pia kama ni injini ya mkanda au ya cheni: Starlet ya zamani yenye injini ya 4E ina mkanda ambao sharti ubadilishwe kwa kilomita zake, na muuzaji asipojua ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haukubadilishwa, IST na ndugu zake wenye injini za NZ wana cheni, ambayo hudumu sana, mradi oili isichakae. Tena kabla ya kutoa fedha, tafuta kwa namba ya gari kama lina faini za polisi wa usalama barabarani ambazo hazijalipwa, na kadi ihamishiwe jina lako mara moja. Wako watumishi wanaoendesha mwaka wa pili magari yenye jina la mtu wasiyejua aliko.

Hapo ndipo wapinzani wetu wanaposema: haya yote ni maarifa ya mnunuzi, chama kinaingiaje? Chama kinaingia kwa sababu maarifa bila fedha hayabadilishi oili. Tuchukue mfano wa mkopo wa shilingi milioni 12. Tano yake moja ni milioni 2 na laki 4. Katika fedha hiyo hutoka oili ya injini na ya giaboksi, kuulanti, breki, betri, na pengine matairi manne. Na wakati wa kiangazi, vumbi letu la mchanga likisimama angani tangu Mei hata Oktoba, hutoka vichujio vya hewa na bushi za magurudumu ya mbele. Haya si mambo ya ajali. Yatakuja kwa kila gari kuukuu, kwa hakika kama mvua za Novemba. Petroli hatukuihesabu, maana hiyo sharti itoke katika mshahara. Na bei yake hutangazwa na EWURA kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nayo huku bara hupita ya Dar es Salaam kwa ajili ya usafirishaji. Wala mtu asifurahi mno kwamba ada ya leseni ya gari ya kila mwaka iliondolewa mwaka 2017. Ilihamishiwa katika lita ya mafuta, basi waendeshao sana ndio walipao sana. Bima ingali palepale.

Wasema kwamba kwa milioni 9 na laki 6 zilizobaki mtu hapati gari alitakalo. Ni kweli. Jawabu letu ni kwamba gari alitakalo si la mshahara wake bado. Achukue lililo dogo kuliko hilo, la aina ambayo mafundi wa hapa wamekwisha kuifungua mara mia, na ambayo vipuri vyake vyapatikana mjini. Yule anunuaye gari la Ulaya kwa ajili ya nembo yake hungoja kipuri kije na basi kutoka Dar es Salaam, na kikija si chenyewe.

Neno moja la wapinzani wetu twalikubali kabisa. Wamesema fedha ikizuiwa itakuwa mateka: gari la mtu litaharibika Ijumaa, naye atangoje sahihi tatu mpaka mwezi upite. Tumeyaona mambo ya namna hiyo, nasi hatutaki kuunda ofisi nyingine ya kungojea. Kwa hiyo shauri lipitishwe na masharti haya ndani yake: mwanachama akileta karatasi ya fundi yenye bei, alipwe katika siku mbili, fundi amchague mwenyewe, na mwaka ukiisha fedha iliyobaki ipunguze deni lake, isikae mfukoni mwa chama hata siku moja. Masharti hayo yakikataliwa, nasi tutapiga kura pamoja na wapinzani.

Twaomba kila mwenye motokaa aje mkutanoni na karatasi zake za fundi za mwaka uliopita, ili hesabu ifanywe kwa fedha iliyolipwa kweli. Na atakaye kutujibu katika ukurasa huu, ampe mwandishi wa chama barua yake wiki moja kabla ya mkutano. Itachapwa kama ilivyo.