Disiki ao mega: muchezo unaolipa, unabaki wa nani?

Mwisho wa mwezi, mushahara ukiisha kuingia, kuko swali moja lenye kurudia mu nyumba mingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi: "Papa, ule muchezo tutaununua siku gani?" Zamani jibu lilikuwa rahisi. Baba alipita ku soko, akarudi na kisanduku cha plastiki, ndani yake disiki. Leo mutoto haombi tena disiki. Anaomba mega za kupakua, ile wenyewe wanaita kutelesharje, na anatafuta mutu mwenye karte ya benki.

Je, disiki inakufa? Tuseme mapema namna tunavyoona: mu inchi za tajiri, kupakua kumekwisha kushinda. Kwetu disiki itakawia bado, lakini siku zake zinahesabiwa kule mbali. Kwa hiyo kila muzazi ajue kile anacholipia.

Namna disiki inasukumwa inje

Tuangalie wenye kutengeneza konsole. Mu mwezi wa 11 wa 2020, Sony ilitoa PlayStation 5 ya namna mbili: moja iko na nafasi ya kuingiza disiki, ingine haina. Mu mwezi ule ule Microsoft ilitoa Xbox Series S bila nafasi ya disiki. Mu 2024 ikatoka PlayStation 5 Pro, karibu dola 700 mu Marekani, na kwa bei hiyo yote chombo cha kusoma disiki hakimo. Anayekitaka anaongeza dola 80 hivi. Nintendo nayo, mu mwezi wa 6 wa 2025, ilileta Switch 2 na kadi za namna mupya: unanunua sanduku, unakuta kadi ndani, lakini muchezo haumo mu ile kadi. Kadi ni ufunguo tu. Muchezo wenyewe unaupakua ku intaneti.

Wanunuzi nao wamefuata. Kwa PlayStation, kati ya michezo 10 kamili yenye kuuzishwa, sasa 7 ao zaidi ni ya kupakua.

Sababu ya kwanza ni makuta. Disiki inaomba kiwanda, sanduku, kamioni, na muchuuzi mwenye kutaka faida yake. Tena disiki moja inaweza kupita mu mikono ya watu watano, na mutengenezaji analipwa mara moja tu. Mu 2013 Microsoft ilijaribu kufunga mulango huu: Xbox One ilipangwa iweke mipaka kwa michezo ya okazio, na ijionyeshe ku intaneti kila masaa 24. Wachezaji walipiga kelele, na kisha siku chache tu kampuni ikarudi nyuma. Lakini kile kilichokatazwa siku ile kwa kelele, leo kinaingia polepole, kwa kuondoa tu nafasi ya disiki.

Ruhusa na mali

Muchimbaji anaelewa jambo hili upesi. Karte ya muchimbaji wa mikono inadumu mwaka mmoja, kisha anaomba ingine. Anaweza kushuka mu shimo, kuweka miti, kutoa maji kwa nguvu zake, lakini udongo uko na mwenyewe. Siku ruhusa inaisha, jasho lake halimupatie haki ya kubaki pale.

Muchezo wa kupakua uko vile. Unabonyeza "kununua", lakini unachopata ni ruhusa ya kucheza. Hauwezi kuuazima kwa jirani, hauwezi kuuuzisha siku shule inaomba minervali. Mu Ufaransa, shirika la wanunuzi UFC-Que Choisir lilipeleka Valve, mwenye duka la Steam, mbele ya tribinali, likitaka watu wapate haki ya kuuzisha tena michezo waliyopakua. Mu 2019 lilishinda kule Paris. Mu 2022 korti ya apeli ikageuza hukumu, na mu 2024 Cour de cassation ikakubaliana na apeli. Disiki unaweza kuiuzisha tena; faili, hapana. Mu Marekani, jimbo la California liliweka sheria mu 2024: duka likiandika "nunua", liambie muteja waziwazi kama anapata lisansi tu.

Lakini tusiseme kama disiki ni ngao ya kila kitu. Muchezo wa magari The Crew, wa Ubisoft, ulitoka mu 2014. Tarehe 31 mwezi wa 3 2024 serveri zake zilifungwa. Hata mwenye disiki mu mukono hakucheza tena, juu muchezo ule ulihitaji serveri ya kampuni. Hasira hiyo njo ilizaa kampeni ya Stop Killing Games, ile ilipata saini zaidi ya milioni 1 mu Ulaya mu 2025.

Kwetu hesabu ni ingine

Tupige hesabu ya nyumbani. Michezo mikubwa ya leo inapita gigabayti 100. Ukiwa na koneksio ya megabiti 5 kwa segonde, gigabayti 100 zinaomba masaa zaidi ya 44, na stima isikatike hata mara moja. Na sisi sote tunajua delestaje. Ongeza bei ya forfe: kwa mutu mwenye kununua mega za siku, kupakua kunaweza kupita bei ya muchezo wenyewe.

Tena kuko mulango uliofungwa. Inchi yetu haimo ku orodha ya mutandao wa PlayStation. Vijana wetu wanafungua konti wakisema wanaishi Ufaransa ao Afrika ya Kusini. Inaenda, mupaka siku haiendi. Mu mwezi wa 5 wa 2024 muchezo Helldivers 2 uliondolewa mu duka la Steam kwa inchi zaidi ya 170, juu mutandao ule hauko kule. Disiki haiulize unaishi wapi.

Kisha kuko okazio. Disiki nyingi tunazoona ku soko zilichezwa kwanza mahali pengine. Mutoto wa Ulaya akimaliza, anaachilia, inafika kwetu kwa bei ya chini. Siku mutoto yule atakuwa anapakua tu, hakuna kitu kitabaki cha kutufikia. Mwenye sale ya michezo, ule mwenye kununua disiki moja ya mupira na watoto wa avenue nzima wanalipa kwa parti, atasikia maumivu mbele yetu wote.

Na tusijidanganye: watoto wengi hawana konsole. Wanacheza ku telefone, na kule kila kitu kilikuwa cha kupakua tangu mwanzo. Muchezo ni wa bure, kisha makuta yanaombwa ndani, kidogo kidogo. Betri ya ile telefone iko na kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu udongo wetu. Tunaisafirisha, inarudi ikiwa telefone, na tunalipa mega ili tuitumie.

Sasa tufanye nini?

Kabla ya kulipa, tuulize maswali matatu. Konsole hii iko na nafasi ya disiki? Mu hili sanduku kuko muchezo, ao ufunguo wa kupakua? Na muchezo huu unaenda bila intaneti? Disiki ya zamani ya mupira bado inachezwa na watu wawili mbele ya tele moja, hata forfe ikiisha.

Kama mutoto anapakua, konti ifunguliwe na muzazi, kwa adrese ya muzazi, na neno la siri liandikwe mahali pa nyumbani. Konti ikipotea, michezo yote imeenda nayo. Na karte ya benki isibaki ndani ya telefone ya mutoto.

Wenye disiki mu nyumba, msizitupe. Zipanguseni, mziweke mbali na vumbi na jua. Kisha miaka kumi, mutoto wenu anaweza kuwa na kitu cha kuazima kwa rafiki yake.