Korongo la mlimani si adhabu ya mchezaji

TIMU ikifungwa mechi mbili mfululizo, kauli jukwaani huwa ileile: hawa hawana pumzi, wapelekwe mlimani. Na kweli, kesho yake asubuhi kuna kocha atawapanga wachezaji wake chini ya mlima, wengine na malapa, awaambie wapande mpaka juu. Shabiki anapiga makofi. Anaona nidhamu imerudi.

Mkoani Ruvuma kauli hiyo ina nguvu kuliko kwingine, maana milima ipo na historia ipo. Majimaji ya Songea ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, 1986 na 1998, na hukosi shabiki mkongwe wa Wanalizombe atakayekuapia kuwa siri ilikuwa milima. Sawa. Lakini timu hiyohiyo ilishuka daraja msimu wa 2017/18, na milima haijahama.

Hizo pumzi za milimani zenyewe zinaelezwa vibaya. Wakimbiaji wa Kenya wanaokaa Iten wako kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na wanakaa huko wiki hadi miezi. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Litumbandyosi, kule Mbinga, kuna miinuko na makorongo ya kutosha, lakini si Iten. Kupanda asubuhi na kushuka jioni hakubadilishi damu ya mtu. Kinachofanya kazi ni moyo na miguu, na hapo ndipo korongo lina thamani.

Mchukue beki wa pembeni wa daraja la nne, mwingize saa 12 asubuhi kwenye korongo la mawe linalopanda kama ngazi iliyobomoka. Dakika 20 za kwanza anapiga stori. Saa moja baadaye stori zimekwisha na mikono inafanya kazi sawa na miguu. Jiwe hili limekaa, lile linacheza. Hakuna hatua mbili zinazofanana, kwa hiyo enka, goti na nyonga vinajifunza kusimama pabovu, kitu ambacho kuzunguka uwanja mara 15 hakikufundishi. Halafu kuna mwenzake anayekuja nyuma. Ukikanyaga jiwe bovu wewe, linamdondokea yeye. Timu zetu huhubiri umoja kwenye kikao cha posho, korongoni umoja ni kupiga kelele "jiwe!" mapema.

Tatizo ni kushuka. Wengi wanadhani kushuka ni mapumziko, kumbe ndiko misuli ya mapaja inakochanika kidogokidogo, kwa sababu inafunga breki huku ikivutwa. Maumivu hayaji siku hiyo. Yanaanza kesho yake, yanapamba moto siku ya pili, mara nyingine mpaka ya tatu. Sasa piga hesabu: kocha kawapandisha Alhamisi kwa hasira, mechi Jumamosi. Straika haruki, beki hageuki, kiungo anafika kwenye mpira akiwa amechelewa na kula kadi. Jukwaa linafanya nini? Linasema wamehongwa. Kuna vijana wameitwa wasaliti kijijini kwao, wakati waliowamaliza ni mlima na kalenda mbovu ya benchi la ufundi.

Msimu wa mvua nao hautaki ujuzi wa mpira. Korongo ni njia ya maji. Mvua ikinyesha juu, walioko chini wanaweza kuwa bado kwenye jua. Korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hell's Gate kule Naivasha, liliua vijana 7 wa kundi la kanisa Aprili 2012 kwa mafuriko ya ghafla, na Septemba 2019 likaua tena. Kule kulikuwa na waongozaji na geti la kulipia. Timu ya mtaani yenye filimbi moja itafanya nini?

Wapo wanaopanda kwa akili. Juni 2017 wanawake kutoka nchi mbalimbali walicheza mechi nzima ya soka kwenye kreta ya Kilimanjaro, mita 5,714, wakaweka rekodi ya dunia. Walipanda polepole kwa siku kadhaa ndipo wakagusa mpira. Hakuna aliyewachapa fimbo.

Klabu kubwa zina njia zao. Simba imeweka kambi Misri na Uturuki, Yanga ikaenda Morocco. Timu ya Mbinga haina nauli hiyo na wala haihitaji. Juni na Julai kule kumekauka, na Ligi Kuu kwa kawaida huanza Agosti, hivyo hata anayelenga juu ana wiki za kutosha. Siku moja ya korongo wiki sita kabla ya mechi ya kwanza, kisha siku tatu za mazoezi mepesi, ina faida kuliko kambi nyingi za majivuno. Waulizwe kwanza wenyeji, maana wao wanajua jiwe gani linadondoka, na kama njia inaingia pori la akiba la Litumbandyosi kibali kiombwe, si kuvamia na wachezaji 25 na vuvuzela. Waanze alfajiri, na wakifika saa sita mchana wageuze hata kama kilele kinaonekana. Malapa yabaki nyumbani. Daluga pia, meno yake yanateleza kwenye mawe. Zitafutwe raba zenye soli ya kushika.

Na yule kipa mwenye goti bovu abaki chini na madumu ya maji, bila kuitwa mvivu.