Matangazo ya Umma Yasitiwe Kufuli la Biashara

Mwaka 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipoendeshwa kwa njia ya redio, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza na kujadili. Mkulima hakuulizwa redio yake imeundwa na nani. Awe na Philips, awe na National, au redio kuukuu ya kuazima kwa jirani, sauti ya Redio Tanzania ilimfikia, kwa kuwa mawimbi yalirushwa kwa kanuni iliyo wazi kwa kila mtengenezaji.

Televisheni imekwenda kinyume. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mwananchi akalazimika kununua king'amuzi. Wako wanaodai kwamba hapana tatizo, maana nchi inafuata kanuni za kimataifa za DVB. Hiyo ni nusu ya ukweli. Kanuni hizo ni wazi mnarani tu. Kampuni ikisha kuyasimba matangazo, king'amuzi cha kampuni nyingine hakiyafungui. Mwalimu wa Mabawe, wilayani Ngara, akihamishiwa mahali ambapo kampuni yake haishiki, kifaa alichokilipia kwa mshahara hugeuka pambo la kabati. Na Ngara inapakana na Burundi na Rwanda. Redio za ng'ambo ya mpaka hazimdai kadi.

Zito zaidi ni umilikaji. Mwaka 2009 TBC, chombo cha umma, iliungana na StarTimes ya China kuunda Star Media: umma asilimia 35, mgeni 65. Hivyo TBC ikawa mbia katika biashara inayobeba matangazo ya washindani wake. Urafiki na China haubishaniwi. Lakini Wachina hao hao walipojenga TAZARA, hawakutulazimisha kipimo chao cha milimita 1,435. Waliijenga kwa 1,067, ili mabehewa yapite moja kwa moja hadi katika reli za Zambia. Kwa nini lililowezekana kwa chuma lishindikane kwa mawimbi?

Filamu na ligi za Ulaya wafanyabiashara wazifungie wapendavyo. Matangazo ya TBC hapana budi yarushwe bila kusimbwa, yapokewe na kifaa chochote chenye DVB-T2, na TCRA isisajili king'amuzi kinachokataa. Mkataba wa 2009 nao uwekwe mezani Bungeni, kifungu kwa kifungu.